Kinywa cha Eimu: Viumbe wa Ukambani na Adabu ya Kula

Viumbe wa ajabu wanaosimuliwa na jamii yoyote ile hueleweka vyema zaidi kwa kile wanachotishia kuchukua kuliko kwa maumbo yao, kwa kuwa pembe, mikia na macho yanayowaka hufanana kutoka nchi moja hadi nyingine, ilhali kile ambacho watu wanahofia kunyang'anywa hutegemea ardhi waliyoikalia na mambo yaliyowapitia. Katika kaunti za Kitui na Makueni, zinazochukua sehemu kubwa ya Ukambani, yaani nchi ya Wakamba mashariki mwa Kenya, kiumbe anayetawala hadithi za jioni ni eimu, zimwi ambalo takriban kila tendo lake kuu ni tendo la kula. Kumtafakari eimu, kwa hiyo, ni kutafakari chakula: nani anakipata, nani anakigawa, nani anakila peke yake, na jamii iliyoishi kwa karne nyingi kwenye ukingo wa ukame inamhukumu vipi mtu wa aina hiyo ya mwisho.

Mfano wa mbali unasaidia kulipa jambo hili sura. Nchini Japani viumbe wa aina hii huitwa kwa jumla yokai, na tangu karne ya 18 wamekuwa na bahati ambayo eimu hajapata kuwa nayo, yaani bahati ya kuchorwa. Mwaka 1776 mchoraji Toriyama Sekien wa mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, alichapisha kitabu kilichowapanga yokai mmoja mmoja, kila mmoja na ukurasa wake, picha yake na jina lake, kwa mtindo wa kamusi za mimea na wanyama zilizopendwa wakati huo. Miongoni mwa wanaojulikana sana ni kapa, kiumbe wa mitoni mwenye kimo cha mtoto na kisahani cha maji utosini, ambaye huwavuta watoto na farasi hadi kilindini, lakini ambaye hupoteza nguvu zote akiinama na maji hayo yakamwagika. Katika nchi ya mashamba ya mpunga, ambako kila kijiji kimezungukwa na mifereji, mabwawa na mito inayofurika, maana ya kapa haihitaji mwalimu: maji ndiyo uhai, na maji hayo hayo ndiyo kaburi la mtoto asiyesikia akionywa.

Kapa asingeishi siku mbili Ukambani. Mito mingi ya Kitui na Makueni, ukiuacha Athi na michache mingine, ni mito ya msimu, ambayo baada ya mvua hubaki mchanga mtupu, na wenyeji hulazimika kuuchimba mchanga huo ili kuyafikia maji yaliyojificha chini yake. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi ile ya kuanzia Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi kwa kilimo. Ikikosa kunyesha, na ile ya kuanzia Machi ikawa haba, basi yua, yaani njaa ya ukame, huingia. Wakamba wamezoea kuzipa njaa kubwa majina, na kwa majina hayo wazee waliweza kuhesabu umri wa watu na mpangilio wa matukio. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19, ambayo pamoja na ndui na maradhi ya ng'ombe iliangamiza watu wengi mno, iliitwa Ngomanisye, kwa maana kwamba haikubakiza mahali bila kupita. Ile ya 1961 ikaitwa njaa ya ndege, kwa sababu chakula cha msaada kililetwa kwa ndege. Na ile ya miaka ya 1980 ikapewa jina la mtu anayekufa akiwa ameshika fedha mkononi, kwa kuwa wenye fedha hawakuona cha kununua. Watu wanaoipa njaa jina, wakaisimulia ilikotokea, ilikopita na iliowachukua, wameshaanza kuisimulia kama kiumbe mwenye miguu na mdomo.

Eimu anaingia hapo. Hadithi zake zimo katika aina ya masimulizi ambayo kwa Kikamba huitwa mbano, yaani ngano za jioni, zilizozoea kutambwa na mabibi na akina mama jikoni wakati chungu cha isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kikiendelea kutokota taratibu na watoto wakipambana na usingizi. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, alizikusanya nyingi na kuzitengea masimulizi ya viumbe wa ajabu juzuu nzima. Zaidi ya nusu karne baada ya utafiti huo, John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba huko Oxford mwaka 1966, akiwa mtu aliyezisikia kwanza kwa lugha ya mama kabla ya kuziandika kwa lugha ya chuo. Msomaji wa mikusanyo hiyo akitafuta maelezo thabiti ya sura ya eimu hatayapata, kwa sababu mara ni jitu, mara ni kiumbe wa mguu mmoja, mara ni kijana mtanashati aliyefika kwenye ngoma na kuwapumbaza wasichana wote kwa uzuri wake. Kinachobaki bila kubadilika ni hamu yake ya kula: anakula mbuzi na ng'ombe, anakula watu, na akimwoa msichana aliyemfuata kutoka ngomani, ndoa yenyewe ni njia ndefu ya kuelekea kwenye mlo.

Majirani Wagikuyu, ambao zimwi lao huitwa irimu na ni ndugu wa karibu wa eimu, wanasimulia mambo mawili yanayoeleza mantiki hii kwa uwazi zaidi. La kwanza ni kwamba irimu aliyejigeuza kijana huwa na mdomo wa pili kisogoni, uliofunikwa na nywele, ambao hufichuka pale tu anapodhani haonekani. Inashangaza kwamba Wajapani nao wana yokai wa namna hiyo, mwanamke ambaye mbele ya watu hali karibu chochote, kumbe nyuma ya kichwa ana kinywa kinachoimaliza akiba ya mchele, na ambaye picha yake ilichapishwa katika kitabu cha mwaka 1841. Hakuna haja ya kudai kwamba hadithi moja imetoka kwa nyingine. Inatosha kuona kwamba popote ambapo ghala la chakula ni la wote na linaweza kuisha kabla ya mavuno, hofu kubwa huwa juu ya yule anayeonyesha kiasi hadharani na kula faraghani. La pili ni hadithi ya mke wa mhunzi aliyejifungua mumewe akiwa mbali, akahudumiwa na irimu aliyepika, akampakulia, akamuuliza kama hataki, na kabla hajajibu akakila chakula chote mwenyewe. Ukatili wa hadithi hiyo uko katika adabu yake: maneno yote ya ukarimu yanatamkwa ipasavyo, sahani inaletwa, mgonjwa anakaribishwa, na bado anakufa njaa, hadi ndege anapotumwa kumpelekea mumewe habari.

Waswahili wa pwani wana methali inayosema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wengi huitumia kuonyesha kwamba heri adui uliyezoeana naye kuliko mgeni. Ikisomwa pamoja na ngano za Ukambani, methali hiyo inafichua msingi wake wa kijamii, yaani imani kwamba kujuana huweka mpaka wa ulaji. Mtu wa utui mmoja, utui ukiwa ni ujirani wa nyumba zinazosaidiana kazi na shida, anaweza kukopa na asilipe, anaweza kupunja kidogo katika mgao wa nyama, lakini hawezi kukumaliza, kwa kuwa kesho atahitaji kuja kwako. Eimu hana kesho ya namna hiyo. Ametoka mahali pasipojulikana, hadaiwi na mtu, hana mjomba wala shemeji wa kumkemea, na ndiyo maana ngano nyingi humleta kupitia mlango wa uchumba, ambapo familia hulazimika kumpokea mgeni asiyejulikana na kumkabidhi binti. Ngano haiwakatazi wasichana kuolewa mbali. Inawafundisha kumtazama mchumba wakati wa kula kabla ya kumtazama wakati wa kucheza.

Sehemu iliyo na uzito mkubwa zaidi, hata hivyo, ni mwisho. Katika ngano nyingi za ukanda huu, zimwi linaposhindwa na kuwa karibu kufa humwambia aliyelishinda alikate kidole, na kidole kinapokatwa wote waliomezwa hutoka wakiwa hai: watu, ng'ombe, mbuzi, wakati mwingine kijiji kizima. Kwa mtu aliyezoea hadithi za maangamizi, mwisho huo unaweza kuonekana kuwa ni wa kitoto. Kwa jamii iliyopitia Ngomanisye, iliyoshuhudia maboma yakibaki matupu, mifugo ikiisha na watoto wakipelekwa kwa jamaa wa mbali au kwa makabila jirani ili wapate kula, mwisho huo ni hoja kamili. Unasema kwamba kilichomezwa kimeshikiliwa tu, hakijapotea, na kwamba kazi ya walio hai ni kumtafuta aliyekimeza na kukidai. Historia inaiunga mkono ngano kwa kiasi fulani, maana baada ya kila yua familia zilitafuta watu wao, zikarudisha waliowezekana kurudishwa na kuanza tena kufuga kwa mifugo ya kukopeshana.

Mbali na eimu, Ukambani kuna aimu, na ingawa majina yanakaribiana na wageni wengi wamewachanganya, maisha yao ni tofauti. Aimu ni roho, hasa roho za waliokufa, na katika desturi ya zamani walikuwa sehemu ya kaya. Kabla ya kunywa pombe au uji, mzee alimwaga kidogo chini kwa ajili yao. Chakula kidogo kilitengwa. Na kwa shida kubwa, kama vile mvua kukosekana, watu walikwenda kwenye ithembo, mahali patakatifu ambapo mara nyingi pana mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, wakatoa sadaka ya mbuzi na nafaka. Ngoma ya kilumi, inayoongozwa zaidi na wanawake wazee, ilichezwa kwa ajili ya roho na kwa ajili ya mvua. Kinachostahili kuzingatiwa ni kipimo cha kile kinachotolewa: tone, punje chache, kipande cha nyama. Aimu hawashibi wala hawatarajiwi kushiba, wanakumbukwa. Hivyo eimu na aimu wanasimama kwenye ncha mbili za suala moja, mmoja akichukua vyote bila kupewa, wengine wakipokea kidogo sana kwa sababu wamepewa, na kati yao yumo binadamu, anayejifunza kwamba utu wake unategemea kumgawia hata asiyeonekana.

Mbiti aliieleza hali ya waliokufa kwa mpangilio ambao umejulikana duniani kote tangu kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilipotoka mwaka 1969. Kwa maelezo yake, marehemu anayekumbukwa kwa jina na jamaa walio hai bado yumo katika kipindi alichokiita sasa, neno alilolichukua kutoka Kiswahili. Lakini vizazi vinne au vitano vikipita na mtu wa mwisho aliyemfahamu akafa, huzama katika zamani na kuwa roho isiyo na jina, ambayo makazi yake ni msitu, mlima au mto, na ambayo watu huiogopa kwa sababu hawana tena udugu nayo. Yanagita Kunio, mwasisi wa taaluma ya mila za Kijapani, ambaye mwaka 1910 alichapisha hadithi za bonde la Tono, alifikia wazo linalokaribiana na hilo kwa njia nyingine, akashikilia kwamba yokai wengi ni miungu ya kale iliyoacha kuabudiwa na kushuka hadhi. Wanazuoni hawa wawili, waliofanya kazi katika pande mbili za dunia, wanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba kiumbe wa kutisha anaweza kuzaliwa kutokana na kusahau. Lakini Ukambani unaongeza sharti ambalo nadharia ya Yanagita haikulitilia mkazo: anayesahauliwa kwanza husahauliwa mezani, kwa kuwa kumbukumbu yake iliwekwa katika tone la uji lililomwagwa, na tone hilo likikoma, jina nalo hukauka.

Mwishoni mwa karne ya 19 uhusiano huu kati ya njaa, mauti na viumbe ulitoka katika ngano ukaingia katika historia iliyoandikwa. Mwaka 1898 simba wawili waliwashambulia wajenzi wa reli huko Tsavo, ng'ambo kidogo ya eneo ambalo sasa ni Makueni, na mhandisi J. H. Patterson, aliyewaua Desemba mwaka huo, aliandika kwamba wafanyakazi waliamini hao hawakuwa wanyama wa kawaida bali roho za machifu wawili waliokufa, walioghadhibishwa na reli kupita nchini mwao. Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ndani ya Makueni yenyewe, simba aliingia kwenye behewa akamuua msimamizi wa polisi wa reli aliyekuja kumwinda. Wataalamu wa wanyama hutaja sababu za kawaida, zikiwemo maradhi ya mifugo yaliyopunguza mawindo, na maiti za misafara na za njaa zilizoachwa njiani hata simba wakazoea nyama ya binadamu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayapingani na yale ya wafanyakazi kama inavyodhaniwa, kwani pande zote mbili zilikuwa zikieleza kwamba nchi iliyonyang'anywa chakula na amani yake ilianza kula watu. Wakamba wenyewe tayari walikuwa na utabiri unaohusishwa na mtabiri wa kike Syokimau, wa nyoka mrefu ambaye angeipitia nchi kutoka maji hadi maji, na nyoka huyo, kama mazimwi wengine wote, alikuja akiwabeba watu tumboni.

Kuna hatari moja ambayo tafakari ya namna hii haiwezi kuikwepa. Fikra ya mlaji wa siri, ikitoka jikoni na kuingia kwenye ugomvi wa mashamba, urithi na wivu, huvaa jina la uoi, yaani uchawi, na hapo mtuhumiwa huwa si jitu la msituni tena bali jirani mwenye jina na nyumba, mara nyingi mzee au mwanamke asiye na mtetezi. Tofauti kati ya mambo haya mawili ni kubwa kimaadili. Eimu ni kiumbe wa ngano ambaye msikilizaji anaruhusiwa kumcheka, kumshinda na hata kujiona ndani yake. Tuhuma ya uoi humwondolea msikilizaji sehemu hiyo ya mwisho, kwa sababu humwaminisha kwamba mlafi daima ni mwingine. Jamii inayoendelea kuwatambia watoto ngano za eimu haijikingi moja kwa moja dhidi ya tuhuma hizo, lakini angalau ina mahali pengine pa kuuweka woga wake.

Kwa muda mrefu wasomi na wahubiri walidhani viumbe hawa wangetoweka. Misheni ya Africa Inland ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, karibu na mlima ambao kwa masimulizi ya Wakamba ndipo Mulungu, muumba, alipowashusha watu wa kwanza, na ambako nyayo zao zinasemekana kubaki mwambani. Huko Japani, katika miaka hiyo hiyo, mwanafalsafa Inoue Enryo alikuwa akiwaorodhesha yokai kwa nia ya kuwafuta kwa nguvu ya sayansi. Wote hawakufanikiwa kikamilifu. Orodha ya Enryo ilisaidia kuwahifadhi yokai, ambao baadaye walichukuliwa na wachoraji wa katuni kama Mizuki Shigeru na kuwa biashara kubwa ya vitabu, filamu na vitu vya kuchezea. Ukambani nao umeanza kuonja kitu cha namna hiyo: mwamba wa Nzambani, karibu na mji wa Kitui, ambao inasimuliwa kwamba anayeuzunguka mara saba hugeuka jinsia, ni kivutio cha watalii, na vijana huuhesabu mzunguko kwa kicheko kilichochanganyika na tahadhari.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mara kwa mara huulizwa kwa nini eimu naye asichorwe, akapewa sura moja, akaingia katika vitabu vya watoto na michezo ya simu kama walivyoingia yokai. Jambo hilo linawezekana na pengine litakuwa na faida, kwa sababu watoto wengi wa Kitui na Makueni wanaolelewa mijini hawana tena jiko la bibi la kusikilizia. Lakini mchoraji atakayeifanya kazi hiyo atakabiliwa na tatizo ambalo Sekien hakukabiliwa nalo. Kapa hatambuliki bila kisahani chake, ilhali eimu hutambulika kwa mwenendo, na kumpa uso mmoja wa kutisha ni kumfundisha mtoto kwamba mlafi ana sura yake, jambo ambalo ngano zenyewe zimejitahidi sana kulikanusha. Kipimo ambacho ngano hizo zimewaachia wasikilizaji ni kigumu zaidi na kina matumizi mengi zaidi: mtu hupimwa kwa kile kilichobaki kwenye chungu baada ya yeye kupita, na kipimo hicho humhusu mchumba aliyefika ngomani sawasawa na anayeshika ufunguo wa ghala la chakula cha msaada mwaka wa ukame. Maadamu mvua za Ukambani hazijaacha kukosekana, kipimo hicho hakijachakaa, na kitabu chochote kitakachomchora eimu kwa haki kitalazimika kumchora mara nyingi, kila mara kwa uso tofauti, na kila mara akiwa anakula.